Nguzo za Beauvais

Jana jioni mwanangu alisimama katikati ya mirunda sebuleni, akaushika mmoja kwa mikono miwili, akaniuliza: "Baba, fundi akijenga nguzo hapa, nyumba yetu itakuwa mbovu?" Nikamjibu hapana, haraka mno. Usiku usingizi ulinipaa. Mawazo yalikuwa Beauvais, mji wa Ufaransa wenye kanisa kuu ambalo dari lake liliwahi kuanguka.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho Ufaransa. Mzee, baba yangu aliyekuwa fundi ujenzi, alikuwa hai bado, ila magoti yalishamkataza kupanda jukwaa la ujenzi, na kila nikipiga simu hakuuliza masomo, aliuliza majengo. Jumamosi moja ya mvua nikapanda treni kutoka Paris nikamtafutie la kumsimulia.

Kanisa kuu la Beauvais lina kwaya, yaani upande wa altare, na mikono miwili inayotokeza pembeni. Kiwiliwili, yaani ukumbi mrefu wa waumini, hakikujengwa. Walianza mwaka 1225 wakitaka dari la mawe lipite yote yaliyokuwepo, wakalifikisha karibu meta 48. Kwaya ikakamilika 1272. Mwaka 1284 sehemu ya dari hilo ikaporomoka.

Nilikuwa nimeyasoma hayo. Lakini kusoma si kusimama chini yake. Niliinua uso hadi shingo ikauma, na kwa muda mrefu sikuona kasoro yoyote, niliona mwanga tu ukishuka vioo virefu. Kisha macho yakazoea. Matao ya chini yalikuwa membamba mno, yamebanana kama watu waliopangana kwenye benchi fupi. Juu ya kila mawili, ukutani, ulionekana mchirizi wa tao moja pana: tao la kwanza, la wale walioanza. Waliorudi baadaye waliziba pengo kwa kusimamisha nguzo mpya katikati ya zile za zamani, mzigo ukagawanywa. Nikaenda kuigusa moja. Nikaweka kiganja, halafu nyuma ya mkono, vile Mzee alivyogusa kuta zake kusikiliza unyevu. Jiwe lilikuwa baridi. Hawakuificha ile nguzo wala kuipamba ionekane ya tangu mwanzo.

Mbele kidogo, mbao nene zimekingama kwa vyuma, maegemeo ya siku zetu hizi. Hata leo jengo linashikiliwa.

Nilitoka nikampigia nikiwa mlangoni. Nikamweleza vipimo, matao, nguzo za kuongezwa. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Sasa mwanangu, hao waliopanda tena juu baada ya kuanguka, nani aliwashawishi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kazi ya ukarabati ilichukua miongo mingi.

"Si hilo. Siku ya kwanza. Yule wa kwanza kukanyaga jukwaa."

Nilirudi Paris na swali hilo, na Mzee amekwenda nalo. Nyumba hii ni ya mkono wake, slebu hii aliimwaga yeye na vijana wake, na ufa umepita pale pale mwanangu anapochezea. Fundi anasema nguzo moja katikati itatosha. Mama yake mtoto hataki kuiona sebuleni. Mimi naogopa kitu kingine, nami sijui nikiiteje: kwamba nikiiweka nitakuwa nimesema Mzee alikosea.

Kesho asubuhi fundi anapanda kugonga zege kwa juu. Nimemwambia anisubiri, tutapanda wote.