Siku moja maishani mwangu: fundi boti na tangi lisilopanda maji

Saa 12 asubuhi nakunywa chai, navaa soksi jozi mbili. Mita ya umeme naibeba ndani ya koti, maana betri yake huchoka kwenye baridi.

Saa 1 na nusu. Watu wakisikia fundi boti huwaza injini. Kazi ya leo ni tangi la samaki hai, lile ambalo pampu yake huvuta maji ya nje na kuyarusha ndani ili samaki wasikose hewa. Boti iko juu ya trela, ina theluji kwenye sitaha. Mwenyewe ananisubiri akiwa ameshakata shauri: "Fundi, pampu mpya hii, nimeuziwa mbovu. Nibadilishie." Ni ya pili kununua.

Naichomoa, naitumbukiza kwenye ndoo, naiunga moja kwa moja na betri. Inarusha maji kwa nguvu. Nikiiunga na waya za boti inaguna tu. Pampu nzima kabisa.

Saa 3. Betri volti 12.6. Mwisho wa waya, bila pampu, 12.5. Hapa ndipo wengi hudanganyika na kusema umeme upo. Naiwasha pampu, napima tena: 8. Waya mbovu hujificha mpaka upewe mzigo.

Kutafuta ubovu wenyewe kulikula asubuhi yote. Kiungo cha waya kilikuwa chini ya sakafu, mahali panapopita mkono mmoja tu, na glavu hazipiti. Nililala kifudifudi, shavu kwenye bati la baridi, navuta waya kidogo kidogo, vidole havijui tena vimeshika nini. Mwenyewe amesimama juu yangu: "Bado tu?" Kila mara nikitoa mkono kuupasha moto kwapani, anauliza tena. Hatimaye nikagusa utepe uliolegea. Nilipoubandua, unga wa kijani ulimwagika kiganjani. Shaba ilikuwa nyeusi kwenda ndani. Nilikata karibu urefu wa kiganja ndipo nikaiona inang'aa. Nikaunga upya kwa viungio vyenye mpira wa gundi unaosinyaa kwa joto, si utepe.

Mchana sikumbuki saa. Nikamimina maji kwenye njia ya kuingilia, pampu ikayapandisha, mwenyewe akashangilia. Mimi nikasikia tone. Kona ya plastiki chini ya pampu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yalibaki humo yakaganda, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Plastiki haina pa kukimbilia.

"Weka gundi, twende."

Nilikataa. Kona ile iko chini ya usawa wa maji. Ikiachia akiwa katikati ya ziwa, maji yataingia botini yenyewe. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikaitoa, nikaweka mpya. Paipu ilikuwa ngumu kama mti, nikailoweka kwenye maji moto ndipo ikakubali kuvaa. Vibano viwili kila upande.

Giza lilishaingia tulipojaribu mara ya mwisho. Maji yalipanda safi, chini pakavu. Akanishika mkono bila kusema neno. Nikachomoa kizibo, nikafungua valvu, nikainua pua ya boti, nikangoja na tochi mpaka matone yakakoma. Usiku huu utaganda tena.