Siku moja maishani mwangu: Noah inayotembea asubuhi tu

Saa 12 na nusu asubuhi. Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa saba si mahali pa kuamka mapema kwa hiari yako. Spana zimelala na baridi, ukiishika namba 17 inakung'ata vidole, na kijana wangu amewasha maboksi nyuma ya gereji akidai anachemsha maji ya kunawa. Malori ya Tunduma yanapita na taa zikiwaka kwenye ukungu.

Noah ya mwalimu ilikuwa getini kabla yangu. Ni Noah ya zamani, ile ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele na propela inapeleka nguvu nyuma. Mwalimu ni mstaafu wa Kiwira, alilala kwa binti yake Igawilo ili aniwahi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mgonjwa anayepona akimwona daktari."

Kisa chake ni hiki. Gia boksi, ya otomatiki, ilianza kuteleza, akaipeleka gereji moja mjini, ikashushwa, ikafunguliwa, akalipa. Wiki tatu zilizopita akakabidhiwa gari lake. Likafika Uyole vizuri, likapita Igawilo vizuri, lilipoanza kupanda kwenda Isyonje likawa linavuma tu bila kwenda. Amelirudisha mara mbili. Mara zote mbili wamelitoa nje asubuhi, likazunguka uwanja, wakamwambia, "Mzee, gari halina shida."

Na kweli halikuwa na shida! Niliwasha, nikatia D, likaondoka. Nikatia rivasi, likarudi. Ningekuwa na foleni ya magari siku hiyo ningemwambia maneno yale yale, naye angeondoka akiwa na hakika kwamba mafundi wote wa Mbeya ni ukoo mmoja.

Saa 2 nikalianza polepole. Haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, kwenye Toyota hizi hupimwa injini ikiunguruma, mafuta yakiwa ya moto, na baada ya kupitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi. Wengi hupima injini imezima, kama wanavyopima oili ya injini, kisha wanaongeza mpaka povu. Kiwango hapa kilikuwa sawa. Rangi ndiyo haikuwa sawa. Mafuta ya wiki tatu yanatakiwa kuwa mekundu kama juisi ya rozela, haya yalikuwa ya kahawia na yananuka kama karanga zilizosahauliwa kwenye kikaango. Hizo ni pleti za klachi, sahani zinazobanana ili gia ishike, zinaungua humo ndani. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ambayo hupepesa umeme wa gia boksi ukiwa na hitilafu, ilikuwa inatii kitufe chake, haipepesi, kwa hiyo sikuona sababu ya kuanza kufukuzana na nyaya.

Saa 3 tukatoka wote watatu kwenda kulitafutia moto. Nilimwambia mwalimu aendeshe kama anavyoendesha kila siku, asiniogope. Mpaka Igawilo halikunionyesha kitu. Mlima ulipoanza, gia ya kwanza ikashika, ya pili ikashika, lilipotaka kuingia ya tatu injini ikapiga kelele ghafla kama iliyokatika mnyororo, gari likawa linaelea. Mwalimu akainua mguu, mwendo ukapungua, likarudi kwenye gia ya pili, likashika tena. "Umeona?" akasema, kwa furaha kabisa. Nimeiona hali hiyo kwa wateja wengi: gari likiugua mbele ya fundi wanafurahi kuliko likipona.

Karibu na Isyonje tukasimama pembeni, pamenyooka kidogo. Nikashika usukani mimi. Nikakanyaga breki, nikatia D, nikakandamiza mafuta sekunde tatu hivi nikisikiliza. Injini ilibanwa, ikanguruma kwa uzito. Nikatia rivasi, nikakandamiza tena: ikapaa. Rivasi imeteleza. Kipimo hiki hakizidi sekunde 5, na usikirudie rudie, kwa sababu mafuta yanachemka humo ndani na unaweza kuua hata kilichokuwa kizima.

Kilibaki kipimo kimoja, nacho ni cha bure. Wakati wa kushuka nilitia L, nikaachia mafuta. Injini ikalivuta gari nyuma vizuri, likashuka kwa adabu bila breki.

Saa 5, chai na chapati za mama wa pembeni. Mwalimu hakutaka kunywa kabla hajaelewa, basi nikamweleza. Ndani ya gia boksi ya aina hii, gia si meno yanayosogezwa kama kwenye manyuo. Kuna klachi na breki kadhaa, na kila gia ni mchanganyiko wake. Rivasi inataka klachi moja, ile tunayoiita ya dairekti, pamoja na breki ya mwisho. L nayo inaitumia breki hiyo hiyo ili injini ilizuie gari. Gia ya tatu inaitaka ile klachi ya dairekti.

Akaomba chaki. Alifundisha hesabu miaka yote, kumbe. Akachora duara mbili kwenye mlango wa kabati langu, moja akaandika "ya tatu", nyingine "rivasi", zikapishana katikati. "L inafanya kazi, kwa hiyo breki ni nzima, itoe," akasema, akafuta. "Kilichobaki kwenye makutano?"

"Klachi ya dairekti, mwalimu."

"Basi mbona wenzako walishindwa, hii ni seti tu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mchoro sijaufuta mpaka leo.

Saa 6 mpaka saa 8 ni jeki, propela, bolti na lugha isiyoandikika. Tukaishusha. Sampu, bakuli la mafuta la chini, ilikuwa imepakwa silikoni kama siagi kwenye mkate, na nyuzi zake zilikuwa zimekwama kwenye chujio. Kijana akashangilia, "Fundi, tatizo hili hapa!" Nikamwambia ni uchafu, lakini siyo ugonjwa wetu. Chujio likiziba, presha inashuka kote na kila gia inalegea. Yetu ilikuwa imechagua.

Wali maharage, haraka.

Saa 9 nikaifikia drami yenyewe, kopo la chuma linalobeba klachi ya dairekti. Kabla sijaifungua nikaiweka juu ya shina lake na kupuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la mafuta. Klachi nzima inajibu "dub," pistoni imebana pleti. Hii ilijibu "fssss". Nikamwita mwalimu asikie. Nilipoifungua, pleti zilikuwa nyeusi zinang'aa, na chuma zilizokaa katikati yake zina madoa ya bluu ya moto. Pleti zilikuwa mpya, alama za kiwandani bado zilisomeka pembeni. Chini ya pistoni nikakuta kipande cha mpira chembamba, kimejikunja, kama ukucha wa mtoto.

O-ringi ya pistoni, mpira wa duara unaozuia mafuta yasivuje, ilikuwa imenyolewa upande mmoja. Pistoni iliingizwa kavu, ikasukumwa kwa nguvu, ukingo wa drami ukaikata. Asubuhi mafuta ni mazito, yanapita pale kwa shida, presha inatosha. Yakichemka yanakuwa mepesi kama maji, yanakimbilia pale pale, pistoni inalegea, pleti zinasuguana na kuungua. Na kwa baridi hii ya Uyole, gari linakuwa zima mpaka saa 3.

Siwezi kumtukana fundi yule. Miaka ya nyuma niliikata o-ringi hivyo hivyo, ya Mark II, saa 12 jioni, mteja amesimama kichwani ananiuliza bado. Nilijua siku ya pili. Ninachomlaumu ni kulitoa gari mara mbili bila kulipandisha mlima hata mmoja, na Mbeya milima haikodishwi.

Saa 10 nikapiga simu Kariakoo. Pleti za dairekti zipo, zitapanda basi. Mwalimu akauliza kama si nafuu anunue gia boksi ya mtumba. Watu wengi hufanya hivyo, na wakati mwingine ni sawa, ila ya kwake gia zote nyingine ni nzima na ya mtumba ni kufunga macho ukachota. Kijana akabaki anapuliza kipoza mafuta ya gia boksi kilichomo kwenye rejeta, yakatoka mafuta meusi ya pleti zilizoungua, akarudia mpaka yakatoka masafi. Tokonveta, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kwa mafuta, nayo itaoshwa kesho.

O-ringi nilizipata hapa hapa, kwenye seti ya gasketi. Nikailowesha pistoni haidroliki, nikaizungusha kwa vidole ikashuka yenyewe bila kusukumwa, nikapanga pleti zile zile zilizoungua kwa muda ili nisikie pistoni tu.

Saa 11 na nusu, jua linashuka na baridi inarudi. Nikapuliza.

Dub.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na koti limefungwa mpaka shingoni. "Rudia," akasema. Nikarudia.