Lenzi za renjifainda kwenye kamera ya mirolesi: anza na milimita 50

Lenzi ya zamani ambayo ningemshauri mpiga picha yeyote wa Nairobi aifunge kwenye kamera yake ya mirolesi, yaani ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi ndani, ni ya milimita 50 (huo ni urefu wa fokasi, unaoamua lenzi inaona eneo kubwa kiasi gani) iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za renjifainda. Ningemshauri vilevile asinunue zile pana, za milimita 28 kushuka chini, mpaka aelewe kinachotokea pembezoni mwa picha. Nasema hivi kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu lenzi hizi huishia kwenye uzuri wa chuma na shaba yake, ilhali kinachoamua kama picha itafaa ni umbali wa milimita chache kati ya lenzi na kihisi, kipande kinachonasa picha badala ya filamu, pamoja na kipande cha kioo kilichobandikwa mbele ya kihisi hicho.

Kamera ya renjifainda haina kioo cha kuakisi ndani yake. Mpiga picha hutazama kupitia dirisha dogo lililo pembeni ya lenzi, huona taswira mbili za kitu kimoja katikati ya dirisha hilo, kisha huzungusha pete ya fokasi hadi taswira hizo zilaliane na kuwa moja. Kwa kuwa hakuna kioo kinachopanda na kushuka kila picha inapopigwa, wahandisi waliweza kuisogeza lenzi karibu sana na filamu. Kwenye mfumo wa skrubu wenye kipenyo cha milimita 39, umbali kutoka uso wa kupachikia lenzi hadi kwenye filamu ni milimita 28.8, na kwenye baioneti ya M, kifungio cha kuzungusha kidogo kilichoingia sokoni pamoja na Leica M3 mwaka 1954, ni milimita 27.8. Kamera za DSLR, zile za kidijitali zenye kioo cha kuakisi, ambazo wapiga picha wengi wa harusi hapa jijini walianzia kazi, zina umbali mkubwa zaidi: milimita 44 kwa Canon EF na 46.5 kwa Nikon F. Ukiiweka lenzi ya renjifainda mbele ya kamera kama hiyo, inakuwa imesimama mbali mno na kihisi, na haiwezi kuona chochote kwa ukali isipokuwa vitu vilivyo karibu kabisa na uso wake.

Kamera za mirolesi, zilizoanza na Panasonic G1 mwaka 2008, ziliondoa kikwazo hicho. Umbali wake ni milimita 18 kwa Sony E, 16 kwa Nikon Z, 20 kwa Canon RF na 17.7 kwa Fujifilm X, na pengo linalobaki ndilo linalojazwa na adapta, kipande cha kuunganisha lenzi na kamera. Kwa lenzi ya M kwenye Sony, pengo hilo ni 27.8 kutoa 18, yaani milimita 9.8 za chuma kitupu kisicho na kioo wala nyaya ndani yake. Sony A7 ya mwaka 2013 iliongeza jambo la pili lililokuwa likisubiriwa, nalo ni kihisi chenye ukubwa wa fremu ya filamu, milimita 36 kwa 24, ili lenzi ya 50 ibaki kuwa 50. Kwenye kihisi kidogo cha APS-C, lenzi hiyohiyo huona eneo dogo kama ambalo lingeonwa na lenzi ya 75.

Watu wengi huidharau adapta kwa kuwa ni bomba la chuma tu, wakanunua ya bei ya chini kabisa. Hesabu yake inastahili kufanywa. Adapta ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, lenzi ya 50 itaona milima ya mbali kwa ukali pete yake ikiwa kwenye alama ya mita 25 hivi badala ya alama ya mwisho. Hilo halina madhara makubwa, na watengenezaji wengi huzipunguza adapta zao kidogo kwa makusudi. Lakini ikiwa nene kupita kiasi kwa kipimo hichohicho, umbali wa mwisho ambao lenzi inaweza kuufikia kwa ukali ni hizo mita 25, na kila kilicho nyuma yake kitabaki kimefifia hata ufanyeje. Kwa lenzi ya 35 hali ni mbaya zaidi, kwani mpaka unashuka hadi mita 12 hivi. Hakuna haja ya kipimo cha karakana ili kulijua hili. Simama Upper Hill asubuhi yenye hewa safi, fungua tundu la lenzi lote, elekeza kamera kwenye jengo la KICC, kuza taswira kwenye kitazamio na uzungushe pete polepole kuelekea mwisho. Mistari ya mnara ule ikikolea kisha ikaanza kulegea kabla pete haijagota, adapta yako ni salama. Ikiwa pete inagota huku mistari bado inaendelea kukolea, irudishe kwa muuzaji.

Mwenye lenzi za skrubu ninamshauri asinunue adapta ya skrubu moja kwa moja hadi Sony au Nikon. Tofauti ya 28.8 na 27.8 ni milimita 1 kamili, na ipo pete nyembamba ya unene huo inayoigeuza lenzi yoyote ya skrubu kuwa lenzi ya M. Ukiweka pete hiyo kwenye kila lenzi na kuiacha hapo, adapta moja nzuri ya M itazihudumia zote, na pesa ambazo zingetawanyika kwenye adapta tatu hafifu zitaingia kwenye moja iliyochongwa kwa usahihi.

Sasa nieleze kwa nini milimita 50. Jupiter-8 ya Kisovieti, lenzi ya milimita 50 yenye f/2 (kipimo cha tundu la kupitishia mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), imejengwa juu ya mchoro wa Sonnar ambao Ludwig Bertele aliubuni kwa kampuni ya Zeiss mwanzoni mwa miaka ya 1930: vipande sita vya kioo katika makundi matatu, hivyo nyuso zinazokutana na hewa ni chache na mwanga haupotei sana njiani. Ikifunguliwa kwa f/2 katikati ya picha huwa na ukali wa kutosha uso wa mtu, na kutoka hapo inalegea taratibu kuelekea kingoni, bila mpaka unaoonekana. Kwenye kamera za Leica zenyewe lenzi hizi zilikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni kwamba vipimo vya Kisovieti vya kuunganisha lenzi na dirisha la kulengea havikulingana na vya Leica, hivyo fokasi ilikosea kwa karibu. Ya pili ni tabia ya mchoro wa Sonnar yenyewe, ambao husogeza fokasi yake unapopunguza tundu. Kamera ya mirolesi inaziponya zote mbili kwa mara moja, kwa sababu hutazami tena kupitia dirisha la pembeni. Unatazama kupitia lenzi yenyewe, kwenye tundu lilelile utakalopigia, na unachokiona kikiwa kikali ndicho kitakachokuwa kikali. Kwa maoni yangu, hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo teknolojia mpya imezipa lenzi hizi, na ni ajabu kwamba haisemwi mara nyingi.

Nilipoipeleka Jupiter-8 Kariokor, kwenye vibanda vya mafundi wa viatu vya ngozi, nilimkuta mzee mmoja akishona ukanda wa ndala.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikupige picha ukiendelea na kazi."

"Marahaba, kijana. Hiyo kamera ni ya zamani sana, ama?"

"Kamera ni mpya, mzee. Lenzi ndiyo ya zamani."

"Basi piga. Mimi siachi kushona."

Kwa umbali wa mita 1, ambao ndio wa karibu zaidi kwa lenzi hii, na kwa f/2, kina cha eneo kali ni kama sentimita 4. Nilikuza taswira hadi nikaona uzi uliopakwa nta ukipita kwenye tundu la ngozi, kisha nikazungusha pete kwa upana wa unywele na ukali ukahama kutoka kwenye uzi kwenda kwenye kucha ya kidole gumba, kisha kwenye mshipa wa mkono. Pete ya lenzi ya renjifainda ina mzunguko mrefu na mgumu kidogo uliokusudiwa vidole, ilhali pete ya lenzi nyingi za kisasa ni swichi inayotuma ujumbe kwa mota. Kwa mtu aliyeketi anafanya kazi yake, naipendelea ile ya kwanza bila kusita. Kwa watoto wanaokimbiza mpira, tumia lenzi ya kisasa yenye fokasi ya kujiendesha; sioni aibu kulisema hilo.

Mwanga wa hapa kwetu unahitaji neno lake. Tuko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kihisi au filamu kupokea mwanga) na f/2, jua hilo linadai shata, pazia linaloruhusu mwanga uingie, ifunguke kwa takriban 1/6400 ya sekunde tu. Leica M3 iliishia 1/1000, kwa hiyo mwenye lenzi hizi enzi zile alilazimika kupunguza tundu, na sura ya f/2 mchana kweupe haikumfikia kwa urahisi. Kamera za mirolesi zenye shata ya 1/8000 au ya kielektroniki zinaifikia. Angalizo ni moja: shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi husoma kihisi mstari kwa mstari, na matatu inayopita kwa kasi Moi Avenue hutoka imeinama kama iliyosukumwa na upepo. Mpako wa zamani wa lenzi nao ni hafifu mbele ya jua la jioni, hivyo nunua kofia ya lenzi. Jupiter-8 nyingi huchukua ya kipenyo cha milimita 40.5.

Tatizo la lenzi pana linahitaji maelezo marefu kidogo. Mbunifu wa lenzi ya renjifainda, kwa kuwa hakuzuiwa na kioo, aliruhusiwa kukiweka kipande cha nyuma karibu kabisa na filamu. Jupiter-12 ya milimita 35 ni mfano dhahiri: kioo chake cha nyuma kimechomoza kama jicho, na inakubidi uhakikishe kabla ya kuifunga kwamba hakitagusa kitu ndani ya kamera yako. Kutokana na ukaribu huo, mwanga wa pembezoni hufika ukiwa umelala sana. Filamu haikujali mwanga unatoka upande gani. Kihisi kinajali, na kinajali kwa sababu mbili. Visima vyake vidogo vya kupokea mwanga havipendi mwanga wa ubavuni, hivyo kingo zinaweza kuingia giza na kupata rangi ya zambarau. Pia mbele yake kuna kioo cha kuchuja, chenye unene wa takriban milimita 2 kwenye kamera za Sony, na mwanga uliolala unapopita ndani ya kioo hicho hupinda kiasi cha kuharibu ukali wa pembe za picha. Kamera ya mfumo wa Micro Four Thirds ina kioo cha karibu milimita 4. Leica walilijua hili tangu mwanzo, ndiyo maana kamera yao ya M8 ya mwaka 2006 ilipewa kioo cha nusu milimita tu. Ila wembamba huo uliruhusu mwanga wa infraredi kupenya, vitambaa vyeusi vikatoka na rangi ya zambarau, na wateja wakalazimika kupewa vichujio vya kuweka mbele ya lenzi. Kwa wenye Nikon Z hali ni nafuu, kwa kuwa kioo chake kina zaidi kidogo tu ya milimita 1.

Rangi ya kingoni unaweza kuirekebisha kwa kupiga picha ya karatasi nyeupe kwa lenzi na tundu lilelile, kisha kuiacha programu ya kuhariri picha ya Lightroom iitumie kama kigezo cha kusawazisha. Ukali uliopotea haurudi kwa njia hiyo. Mwenye hamu ya lenzi pana kweli na atafute iliyochorwa upya kwa kuzingatia vihisi, kama Voigtländer ya milimita 15 f/4.5 ya toleo la 3, iliyotoka mwaka 2015, ambayo niliwahi kuitumia chini ya mijakaranda ya mwezi wa Oktoba na anga ikabaki na rangi moja kutoka pembe hadi pembe.

Mipangilio ya kamera ni michache. Ruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, kwa sababu kamera haitambui kwamba kuna lenzi iliyofungwa. Weka hali inayokuachia tundu na kuipa kamera kazi ya kuchagua shata. Kamera ikiwa na kituliza mtikisiko cha ndani, iambie urefu wa fokasi wa lenzi kwa mkono kila unapoibadilisha, maana ikidhani ni 28 ilhali ni 90, itatuliza kidogo mno. Rangi ambazo kamera huziweka kitazamioni kwenye kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi husaidia kwa f/5.6; kwa f/2 kuza taswira.

Umbali wa mita 1 unawakera wengi, na dawa yake ni adapta yenye mzunguko ndani yake, inayorefuka kwa milimita 4 hivi. Lenzi ya 50 iliyokwisha kuzungushwa hadi mwisho wake, ikiongezewa milimita hizo, inakaribia hadi chini ya nusu mita. Huo ndio umbali unaotosha shanga za mkufu mmoja wa Kimaasai kujaza fremu. Iwapo utakuwa na uwezo wa kununua adapta moja tu, nunua hii, mradi isitikisike ikiwa imefungwa.

Na unaponunua lenzi yenyewe kwa wauzaji wa mitumba katikati ya jiji, omba uimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu, na kama imekwisha kula mpako, fundi atasafisha kuvu lakini alama itabaki. Zungusha pete mwanzo hadi mwisho usikie kama grisi imekauka. Lenzi za kukunja, kama Summicron ya 50 ya Leica ya miaka ya 1950, zivute nje kabisa kabla ya kuzifunga kwenye kamera na usizisukume ndani zikiwa hapo, kwa kuwa bomba lake linaweza kufika kwenye shata au kingo za kihisi.