Kurudi kwa mwenza Marekani baada ya kufukuzwa

Ndoa peke yake haifuti marufuku ya kuingia tena Marekani. Hilo liwekwe wazi, maana wengi huumia hapo.

Aliyepitiliza muda wa kukaa kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha akaondoka mwenyewe kabla ya kesi ya kufukuzwa kuanza, hufungiwa miaka 3. Mwaka au zaidi, miaka 10. Amri ya kufukuzwa nayo ina marufuku yake, mara nyingi miaka 5 au 10. Hizi ni mbili tofauti!

Mwenza aliye raia au mkazi wa kudumu wa Marekani huanza na fomu I-130 ya kumwombea aliyefukuzwa, akithibitisha ndoa ni ya kweli. Baada ya usaili ubalozini huja I-601 ya kuomba msamaha wa marufuku ya kupitiliza muda, na I-212 ya kuomba ruhusa ya kurudi baada ya amri ya kufukuzwa. Wenye marufuku zote mbili wakijaza moja tu hukwama.

Kwenye I-601 hupimwa mateso makubwa ya mwenza au mzazi aliye raia au mkazi wa kudumu, si yako wewe uliyefukuzwa wala ya watoto moja kwa moja. Kwa hiyo weka ripoti za daktari, madeni, mishahara. Barua za mapenzi pekee hazitoshi. Na tafadhali, usijaribu kuvuka mpaka kimyakimya: baada ya kufukuzwa, hiyo huleta marufuku ya kudumu, na ombi la ruhusa husubiri miaka 10 ukiwa nje.