Kumbukumbu ya mradi: Tangi moja, programu nne

Ploti yetu iko Kasarani, Nairobi, na maji ya mfereji huja kwa mgao. Kwetu ni siku mbili kwa wiki, kwa kawaida usiku. Yakija hujaza tangi la chini, kisha lazima mtu aamke awashe pampu yapande tangi la juu. Kwa miaka miwili mtu huyo nimekuwa mimi. Nimechoka.

Nilikuwa na Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, iliyokuwa ikila vumbi kabatini. Nikashuka Luthuli Avenue nikanunua sensa ya HC-SR04, ile inayopima umbali kwa mwangwi, na rilei moja, yaani swichi inayobonyezwa kwa umeme, na modemu ya kutuma SMS. Vifaa havikunisumbua. La kuangalia ni kwamba mguu wa mwangwi wa sensa hutoa volti 5 na pini za Pi hazitakiwi kupata zaidi ya 3.3, kwa hiyo weka rezista mbili za kupunguza. Kilichonilia wikendi nne ni namna programu zinavyoongea.

Mwanzoni ilikuwa programu moja tu, niliyoiandika kwa lugha ya Python. Ikisubiri mwangwi usiorudi, kila kitu kimekwama. Modemu ikizembea sekunde kumi, vivyo hivyo. Nikaigawa mara nne: *mpima* anasoma sensa, *mwamuzi* anaamua, *mkono* unabonyeza rilei, na *mjumbe* anatuma SMS.

Zipitishe wapi maneno yao? Bomba la Unix, njia ya programu moja kumwagia nyingine maneno, ambalo limekuwepo tangu 1973, lingetosha kama maneno yangekwenda upande mmoja tu. Mimi nilitaka majibu pia. Nikachukua soketi za Unix, ambazo maneno hupita pande zote mbili, zilizokuja na toleo la Unix liitwalo 4.2BSD mwaka 1983. Soketi ni faili tu ndani ya /run, unaipa ruhusa kama faili nyingine, na hakuna mlango wowote unaofunguka kwenye mtandao. Rafiki yangu mmoja alinishauri MQTT, mtindo wa kupitisha jumbe kupitia seva ya katikati. Kuweka seva ya kupokea jumbe ndani ya kisanduku kimoja ili programu zake zisalimiane niliona ni kukodi basi la kwenda choo cha nje.

Jumamosi ya pili pampu iliwaka yenyewe tangi la juu likiwa na sentimita 62 za maji. Nilikesha nayo. Mpima alikuwa akiandika mstari huu kila sekunde:

kiwango 62

Hapo ni baiti 11, kila herufi baiti moja, ukihesabu na alama ya mstari mpya. Mwamuzi alikuwa akisoma baiti 64 kwa mkupuo. Akichelewa kidogo, mistari inamrundikia: mitano inakula baiti 55, zinabaki 9, na baiti 9 za mstari wa sita ni "kiwango 6". Sentimita sita! Tangi tupu! Akaamuru pampu. Soketi ya mtiririko haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala kuishia wapi, inajua baiti tu. Sasa kipande kisichofika alama ya mstari mpya kinawekwa kando kisubiri mwenzake. Ipo aina ya soketi inayolinda mipaka ya ujumbe, SOCK_SEQPACKET, lakini nimebaki na mistari kwa sababu naweza kuisoma kwa macho nikiwa kitandani na simu.

Halafu ikaja Alhamisi.

Saa kumi alfajiri mwangwi haukurudi, mpima akatuma "kiwango" bila namba, mwamuzi akajaribu kugeuza utupu kuwa namba, akaanguka. Dakika chache kabla alikuwa ametuma "washa". Wa kutuma "zima" hakuwepo tena. Mkono uliona kabisa soketi imefungwa, ukakaa kumsubiri bwana wake arudi, pampu ikinguruma. Nilipoamshwa na mlango, maji yalikuwa yanashuka ngazi.

"Kijana wangu," Mama Shiro wa chini akaniambia, ameshika beseni, "hizi nguo nilishazifua jana. Hukuwa na haja ya kunifulia tena."

Nilimwomba radhi, nikapiga deki ghorofa tatu, na nilipokuwa nikipiga deki ndipo nilipoona kosa halikuwa lile la namba. Hilo ni mdudu wa kawaida, unarekebisha kwa mstari mmoja. Kosa lilikuwa neno "washa". Ni amri isiyo na mwisho, na mwisho wake niliuweka mikononi mwa programu inayoweza kufa. Nikaifuta. Sasa mwamuzi anatuma:

pampu 30

Maana yake, iwake kwa sekunde 30. Anayetaka iendelee hurudia kila sekunde 10. Akinyamaza, pampu inazimika bila kuambiwa na mtu. Neno "zima" bado lipo, ila usalama haulitegemei.

Kwa nini sekunde, si kusema "mpaka saa fulani"? Pi 3 haina betri ya saa. Umeme ukipotea ukarudi, inaamka na saa ya zamani mpaka intaneti ipatikane. Mkono hutumia saa ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, isiyorudi nyuma, CLOCK_MONOTONIC, ikihesabu tangu ujumbe ulipofika.

Soketi ikifungwa mkono unazima papo hapo. Basi sekunde 30 za nini? Programu ikifa, kerneli huifungia soketi na wenzake hujua. Ikizubaa, soketi inabaki wazi na kwa nje inaonekana mzima kabisa. Kuzubaa ndiko kunakoniogopesha. Na mkono wenyewe ukifa, nimeiambia systemd, msimamizi wa programu ndani ya Pi, kwa mstari wa ExecStopPost ishushe pini ya rilei ili pampu izime.

(Faili ya soketi hubaki hata programu ikiuawa, na ukianzisha upya unaambiwa anwani inatumika. Ifute kabla programu haijashika anwani. Hili lilinipotezea saa nzima.)

Jana usiku nilijaribu. Pampu inafanya kazi, nikamgandisha mwamuzi kwa kill -STOP, amri inayosimamisha programu bila kuiua, nikaanza kuhesabu nimeshika waya wa pampu tayari kuung'oa. Nilipofika ishirini na tatu, rilei ikalia *tak*.

Mtunza ploti naye sasa anataka kitufe chake pale chini ngazini. Kuwasha ni rahisi: kitufe kinatuma "pampu 30" kama mwamuzi. Lakini akizima kwa mkono na mwamuzi akarudia baada ya sekunde kumi, nani asikilizwe? Nafikiria "zima" ya binadamu nayo iwe na muda, labda nusu saa. Nitaandika hilo kabla maji hayajaja Alhamisi.