Mume anataka atajiwe mtu

Leo kikoba chetu hapa Uyole kilikwisha mapema, lakini kwa baridi hii ya Julai hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka. Mwenzetu mmoja (ameniruhusu kuandika) alipima, akaambiwa ana kirusi cha HPV, kile kinachoambukizwa kwa kujamiiana na kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Tangu hapo mumewe kahamia chumba cha watoto. "Anataka nimtajie mtu," alisema. Wengine tukainamia vikombe vya chai.

Sasa atamtaja nani? Karibu kila aliyewahi kujamiiana, mke kwa mume, hukipata wakati fulani maishani. Kinaweza kukaa miaka mwilini bila muwasho wala kidonda. Huyo mume huenda alikuwa nacho kabla hata ya kupeleka posa. Ila wanaume hawana kipimo cha kawaida cha HPV, basi sisi tunaopimwa ndio tunaohukumiwa. Linaniudhi hili.

Mama mwenyekiti akauliza swali la maana: kama tunakipata karibu wote, mbona hatuugui wote? Kwa sababu mwili hukifukuza. Katika maambukizi 10, takriban 9 huisha yenyewe ndani ya miaka 2. Shida ni kile kinachogoma kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Nayo hujijenga taratibu, miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 hadi 10 tu, na sisi wa Njombe, Iringa na Mbeya tunajua VVU ilivyotukalia. Hapo palikuwa kimya kidogo.

Kupima dalili za awali za saratani hiyo si kitu cha kukimbia: muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, panapogeuka peupe panatiliwa shaka, na mara nyingi panatibiwa siku hiyohiyo.

Mabinti zetu wana nafuu. Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kuna aliyeuliza tena kama inafunga kizazi. Haifungi, jamani.

Mwenzetu kaniomba nimwandikie haya kwenye karatasi ampe mumewe, maana akianza kuyasema mwenyewe analia. Nimeandika kwa herufi kubwa. Ile habari ya posa nimeiweka juu kabisa.