Saa mbili zangu

Jumatatu niliyorudi kazini nilivaa blauzi ya kitenge yenye maua makubwa, na haikuwa kwa ajili ya urembo. Wifi yangu ndiye aliyenishauri: "Vaa nguo yenye fujo, wifi. Maziwa yakivuja, watu watadhani ni ua." Yalivuja saa nne kasoro robo, mbele yangu kasimama dereva wa lori anadai hati ya shehena yake. Nikakumbatia faili kifuani, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Ile blauzi nimeivaa mpaka imepauka.

Mwanangu siku hiyo alikuwa na wiki 12. Likizo ya uzazi ni siku 84, ila mimi nilizianza wiki mbili kabla ya kujifungua kwa sababu miguu ilivimba hata kandambili zikanikataa, kwa hiyo za kukaa na mtoto zikabaki 70. Nikaomba na likizo yangu ya mwaka, siku 28, nikapewa nusu. Mwenzangu wa dawati la pili, aliyejifungua mapacha, alipata siku 100. Aliniambia nisimwonee wivu, na nilipowaona hao mapacha wakilia kwa zamu sikumwonea.

Lakini likizo kila mtu anaijua. Saa mbili ndizo wengi hawazijui, hata mimi nisingezijua kama nesi wa kliniki asingenitajia huku anapima uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nikakichapa kifungu hicho, nikakipigia mstari kwa kalamu ya kijani, nikaenda nacho kwa mzee wetu wa utumishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Enhe?"

"Nimekuja kuulizia saa mbili zangu."

"Saa mbili si ndiyo unaingia kazini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamngoja. Akavaa miwani, akasoma mstari wa kijani mara mbili, akaniangalia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kimara, mzee."

"Kimara!" Akageukia dirishani kama vile kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, unaweza kuiona Kimara. "Utoke hapa, ufike Kimara, unyonyeshe, urudi, ndani ya saa mbili?"

Hapo alikuwa na hoja, na mimi nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo usiku nikiwa macho. Basi la mwendokasi likiwahi na lisijae sana, mpaka Kimara Mwisho, halafu bodaboda mpaka nyumbani, saa moja na dakika zake. Kwenda tu. Nadhani aliyeandika kifungu kile alikuwa anamfikiria mama anayekaa nyuma ya kiwanda, kengele inalia anavuka barabara. Hakunifikiria mimi.

Kwa hiyo nilikuwa na pendekezo langu mfukoni. Nusu saa asubuhi saa nne na nusu, nusu saa nyingine saa nane, nikamue. Ile saa moja inayobaki niondoke nayo jioni, nitoke saa kumi badala ya kumi na moja.

Akasoma tena. "Hapa pameandikwa kunyonyesha. Kukamua hakujaandikwa."

"Mzee, maziwa ni yaleyale na mtoto ni yuleyule. Tofauti ni kwamba yanapanda basi."

Akasaini. Kwa shingo upande, lakini alisaini, na ile karatasi ninayo mpaka leo.

Alichosahau, na mimi nilisahau kuomba, ni mlango. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mafaili: hakina dirisha, hakina kitasa kinachofunga, kina feni moja inayorusha vumbi la nyaraka za tangu enzi za fotokopi. Siku ya pili tu mhudumu aliingia kutafuta faili la mwaka juzi. Masikini, alirudi kinyumenyume akiomba radhi kwa ukuta. Tangu hapo nikawa naegemeza kiti mlangoni na kukalia kingine, mguu mmoja umekanyaga mlango. Jaribu kukamua maziwa huku mguu uko kazini. Hayatoki. Mwili unajua kwamba hujatulia. Komeo la shilingi elfu mbili, nililolinunua mwenyewe na kumlipa fundi soda, liliniongezea maziwa kuliko uji wote wa pilipili manga nilioandaliwa na ndugu zangu.

Pampu nilikuwa nayo, ya mkono, ya kubinyabinya. Wiki ya kwanza ilinipa mililita 40 kwa matiti yote mawili, na kidonda. Nikampigia yule nesi. Akaniuliza, "Vidole huna?" Akaniita kliniki Jumamosi akanionyesha, na kwa kuwa watu wengi hawaonyeshwi, naeleza. Nawa mikono kwa sabuni. Kanda titi taratibu, kitambaa cha uvuguvugu kikiwepo ni vizuri zaidi. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, usishike chuchu yenyewe. Sukuma kwanza kuelekea mbavuni, ndipo ubane, uachie. Sukuma, bana, achia. Vidole visitelezeshwe juu ya ngozi, ndiko kunakoumiza. Mwanzoni ni matone tu, unajiona mjinga. Baada ya dakika kama mbili yanaanza kuruka yenyewe. Yakipungua, hamia titi la pili, halafu rudi.

Dawa yangu nyingine ilikuwa kipande cha khanga alicholalia mwanangu. Nilikuwa nakibeba bila kukifua, nakinusa kabla sijaanza. Mwenzangu wa mapacha alinikuta nacho puani akaniuliza kama nina mafua.

Wiki ya tatu nikawa nafika mililita 120 asubuhi, mchana 100 hivi. Asubuhi kabla ya kutoka namnyonyesha titi moja, jingine nakamua. Kutwa nzima bila mimi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, mwanangu alikuwa anatumia kama 320. Jumatatu maziwa yalikuwa mengi, Ijumaa yakawa yanasuasua, mwisho wa wiki tunalala naye kitandani ananyonya atakavyo, Jumatatu yanarudi. Na usiku! Mchana wake aliuhamishia usiku. Nililalamika, nesi akasema mtoto ana akili, anakufuata unapopatikana.

Kuhifadhi, nilipewa namba mbili za kukumbuka, nne na nne: saa nne mezani, siku nne kwenye friji. Kwenye friza yanakaa miezi, ila yakishayeyuka yatumike ndani ya siku moja, na hayarudishwi kugandishwa. Kazini niliyaweka kwenye friji ya jikoni, ndani ya kopo lisiloonyesha, na safarini kwenye begi la chakula lenye vibonge vya barafu. Hapana, hakuna aliyewahi kuyatia kwenye chai. Kila ninayemsimulia anauliza hilo kwanza.

Vita kubwa ilikuwa nyumbani. Mama mkwe alishuka kutoka Rombo, Kilimanjaro, na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mtori, amekuja kukaa mwezi mmoja nizoee kazi. Alimpenda mjukuu, alinipenda mimi, friji hakuipenda.

"Mwanangu, maziwa ya mtu ndani ya friji, na dagaa?"

"Dagaa wako chini, mama, na wamefunikwa."

"Yamelala hayo. Maziwa yakishalala mtoto anaumwa tumbo."

Nyuma ya kulala kulikuwa na jambo jingine, na ilimchukua siku tatu kulisema: maziwa yaliyotoka mwilini yakakaa wazi yanaweza kuonwa na mtu mwenye jicho baya. Sikubishana naye. Nilimwambia kama ni macho basi vichupa tuvivike soksi, na kweli alivivika, soksi za mtoto za njano. Nilikuta vimepangwa mlangoni mwa friji kama wanafunzi wa chekechea.

Dada wa nyumbani ndiye niliyemfundisha kunywesha kwa kikombe. Chupa ya chuchu kliniki walinikataza, ni ngumu kuisafisha na mtoto anaweza kuzoea kunyonya kivivu. Kikombe kidogo cha kawaida, mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni halafu umwache ayalambe mwenyewe. Humimini. Siku mbili za kwanza nusu iliishia kwenye bibu. Siku ya tano ananyakua kikombe kama mlevi wa zamani.

Kitu kimoja nilisahau kumweleza. Jumatano moja nilirudi nikakuta kichupa cha 120 kitupu sinkini, na mtoto analia njaa.

"Yalikatika, dada," akaniambia. "Juu mafuta, chini maji. Nikaona nisimpe mtoto kitu kimeharibika, nikamwaga."

Maziwa ya mama yakitulia hujitenga, mafuta hupanda juu, unayazungusha tu polepole yanachanganyika. Kosa lilikuwa langu. Hata hivyo nilikwenda chooni nikalia, nikatoka, nikamwambia alifanya vizuri kuwa mwangalifu. Siku nyingine aliyachemsha kwenye sufuria juu ya gesi mpaka yakafanya utando, wakati kinachotakiwa ni bakuli la maji ya uvuguvugu tu. Tukabandika karatasi kwenye friji. Mama mkwe akaongeza mstari wake kwa penseli: USIONYESHE WAGENI.

Kuna siku ya mvua sitaisahau. Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi, palijaa maji, barabara ikafungwa, mabasi yakageuzia kituo cha Fire. Nilikuwa nimekamua saa nane, nikajikuta saa moja usiku bado nipo upande usio wangu wa mto. Matiti yalikuwa mawe. Nikajaribu kutembea, kila hatua ilinichoma mpaka kwapani. Nikaingia kwenye duka la dawa kuomba panadol, na mama muuzaji hakuangalia uso wangu, aliangalia blauzi. "Pita ndani, mwanangu," akafungua mlango wa kaunta. Nikasimama nyuma ya pazia, kwenye sinki lake dogo, nikayakamulia palepale yakaenda na maji, huku yeye anauza kondomu na dawa ya kikohozi upande wa pili. Vichupa vyangu vilikuwa vimejaa, na hata vingekuwa vitupu, nilichotaka ni nafuu. Panadol alikataa nilipe. Nyumbani nilifika saa tatu na nusu, begani begi lenye mililita 220 na vibonge vya barafu vilivyokwisha kuwa maji, lakini bado ya baridi.

Sasa siku ya umeme. Wiki ya mwisho ya mama mkwe, uniti ziliisha asubuhi na mimi nilikuwa kikaoni, simu imezimwa sauti. Nilipoishika saa sita mchana nilikuta simu kumi na moja kutoka nyumbani. Kununua umeme kwa simu mama mkwe hajui, na dada hakuwa na salio. Kwenye friza kulikuwa na vichupa tisa, akiba yangu ya wiki mbili, na jinsi friji yetu ilivyochoka, haishiki baridi muda mrefu. Nikanunua umeme, nikatuma namba, nikapiga.

"Usijali," akasema mama mkwe. "Nimeshayaondoa."

"Umeyapeleka wapi, mama?"

"Njoo kwanza."

Ilibidi ningoje mpaka jioni. Jirani yetu wa nyumba ya tatu anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, ana friza la kulala na uniti haziishi kwake. Mama mkwe, huyuhuyu wa jicho baya, alivifunga vichupa vyote tisa na soksi zake ndani ya khanga, akaikaza mafundo mawili, akavuka barabara akampa jirani amwekee chini kabisa. Akamwambia ni dawa yake ya presha, ya kienyeji, kutoka Rombo, haitakiwi kufunguliwa wala kuulizwa.

Alivirudisha mwenyewe magharibi, vigumu kama mawe, vinanukia ubuyu kwa mbali. Mtoto alivimaliza vyote bila tatizo.

Wiki iliyofuata, mama mkwe ameshapanda basi la Moshi, jirani akanisimamisha getini.

"Mkweo anaendeleaje? Ile dawa inamsaidia?"

"Inamsaidia sana, mama," nikamjibu. "Kliniki wanasema ameongezeka gramu 700."